Mpaka Upendo Ufike Mikononi: Mwongozo wa Kuwafundisha Watoto Kumpenda Mungu na Jirani

Mwalimu wa shule ya Jumapili, nawe mzazi unayemwogesha mtoto alfajiri ili awahi ibada ya kwanza, mwongozo huu ni wenu. Unahusu somo ambalo watoto wetu hulikariri mapema kuliko yote na kulielewa kwa kuchelewa. Mwulize mtoto wa miaka minane amri iliyo kuu ni ipi. Atakujibu bila kusita, pengine na sura na mstari juu yake. Kisha mwulize wiki hii amempenda nani, na amempendaje. Hapo atakutazama tu.

Lawama si yake. Sisi ndio tuliomfundisha upendo kama jibu la mtihani: anasimama, anatamka, anapigiwa makofi, anakaa. Hapa nimepanga wiki nne za kufundisha kwa namna nyingine. Kila Jumapili inaishia kwenye tendo moja, kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ndani ya wiki hiyohiyo. Hata ukiacha mengine yote kwa kukosa muda, hilo usiliache.

KWA NINI KWANZA, NAMNA BAADAYE

Mwandishi mmoja wa sheria alimuuliza Yesu ni amri gani iliyo ya kwanza (Marko 12:28–34). Aliuliza moja, akapewa mbili. Ile ya kumpenda Mungu imo katika Kumbukumbu la Torati 6:4–5, na ile ya kumpenda jirani imo katika Mambo ya Walawi 19:18. Zilikaa katika vitabu viwili tofauti, lakini Yesu alizitoa kwa pamoja katika jibu moja. Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza 4:20, anamwita mwongo yeyote anayedai kumpenda Mungu huku ana chuki na ndugu yake.

Kwa hiyo usipange Jumapili moja ya kumpenda Mungu yenye nyimbo na sala, halafu nyingine ya kumpenda jirani yenye kufagia uwanja wa kanisa. Mtoto anayefundishwa hivyo hukua akiamini kuna upendo wa kanisani na upendo wa mtaani, na kwamba mmoja ukipungua mwingine utafidia. Watu wazima wa aina hiyo tunao wa kutosha.

Jambo jingine ni mpangilio. Anza na Mungu aliyetangulia kupenda, ndipo uje kwenye amri. Ukianza na amri, mtoto atasikia deni, na mtoto mwenye deni hujificha. Ukianza na Mungu anayempenda tayari, hata kabla hajajua kusali, atasikia habari njema, kisha atakuuliza mwenyewe afanye nini.

KABLA YA KUANZA

Haya ni kwa darasa la kawaida la usharika au parokia: watoto 30 au 50, mwalimu mmoja au wawili, pengine chini ya mwembe kwa sababu ndani kuna ibada ya watu wazima.

☐ Gawa watoto kwa umri kadiri unavyoweza. Wa miaka 4 hadi 6 wanahitaji hadithi fupi na mwendo wa mwili. Wa miaka 7 hadi 10 ndio mwongozo huu unaowalenga zaidi. Wa miaka 11 hadi 13 wape kazi ya kuwasaidia wadogo, na uwape maswali magumu. Wakifundishwa pamoja na watoto wa chekechea wataacha kuja.

☐ Tafuta mtu mzima wa pili. Asiwepo mwalimu anayebaki peke yake na mtoto mahali palipojificha, hata awe mwaminifu kiasi gani. Jambo hili lipitishwe na baraza la wazee au kamati ya parokia, lisiwe hiari ya mwalimu.

☐ Andaa daftari la darasa. Andika majina, na mbele ya kila jina acha nafasi ya kuandika ni nani ameumwa, nani amefiwa, nani haji tena. Daftari la mahudhurio peke yake halimjui mtoto.

☐ Vifaa: chaki, khanga kuukuu mbili za kukata vitambaa, chupa ndogo ya mafuta ya kula, sarafu chache. Huhitaji projekta.

☐ Soma mwenyewe Luka sura ya 9 na ya 10, na Walawi 19, angalau mara mbili kabla ya wiki ya kwanza.

Kila kipindi kiwe cha dakika 45: 5 za kusikilizana habari za wiki, 10 za hadithi, 15 za zoezi, 10 za kuchagua tendo la wiki, 5 za sala.

SHERIA NNE ZA TENDO LA WIKI

1. Liwe na mtu. "Nitawapenda watu wote" halikubaliki. "Nitamchotea maji bibi Anna wa nyumba ya tatu" linakubalika.

2. Liwe dogo, ambalo mtoto anaweza kulifanya kwa mikono yake bila kuomba hela kwa mzazi. Ukidai zawadi za kununua, umewaondoa darasani watoto wa maskini.

3. Liwe na siku. Jumanne baada ya shule, si "siku moja".

4. Lisifanyiwe mashindano. Yesu ameonya juu ya kutenda wema ili tutazamwe (Mathayo 6:1–4), nasi tukiweka ubao wa nyota kwa waliotenda mema tunawafundisha hasa kile alichokikataza. Jumapili inayofuata usiulize, "Nani amefanya?" Uliza, "Kipi kilikuwa kigumu?" Swali hilo linamfungulia mdomo hata aliyeshindwa, na mara nyingi yeye ndiye mwenye la kutufundisha.

WIKI YA KWANZA: MUNGU AMENITANGULIA

Hadithi ya wiki hii ni ya mwana aliyerudi (Luka 15:11–24). Isimulie polepole, na ukae sana pale baba anapomwona mwanawe kungali mbali, akakimbia. Wazee wa vijijini wanajua mzee wa heshima hakimbii barabarani. Waulize watoto: umewahi kumwona babu yako akikimbia? Baba huyu alikimbia kabla hajasikia neno moja la kuomba radhi.

Zoezi: kila mtoto ataje kitu kimoja alichokipata wiki hii bila kukifanyia kazi. Watataja chakula, mvua, dada aliyembeba mgongoni. Usiwasahihishe. Mwishoni waambie kwamba kila kilichotajwa ni njia ambayo Mungu amewafikia, na kwamba mara nyingi amewafikia kupitia mikono ya mtu.

Tendo la wiki: kumshukuru mtu mmoja ambaye hajawahi kushukuriwa. Mfagiaji wa shule, konda anayewangoja wavuke, dada wa kazi.

WIKI YA PILI: UPENDO UNAOPIMIKA

Walimu wengi huruka Mambo ya Walawi kwa kuona ni kitabu cha dhabihu na mavazi ya makuhani. Wanaruka hazina. Kabla amri ya kumpenda jirani haijatajwa katika sura ya 19, aya zinazotangulia zimekwisha kuonyesha upendo ukoje. Zitazame:

• Unapovuna, acha pembe za shamba na masazo kwa ajili ya maskini na mgeni (aya 9–10).
• Usiibe, usidanganye (aya 11).
• Usilaze kwako usiku kucha ujira wa kibarua (aya 13).
• Usimtukane kiziwi ambaye hatakusikia. Usimwekee kipofu kitu cha kumkwaza (aya 14).
• Usipite huku na huku ukichongea watu (aya 16).

Mbele kidogo, aya 33–34, mgeni anayekaa nchini anapaswa kupendwa kama mzalendo, na aya 35–36 zinadai mizani na vipimo vya haki. Mtoto wa mama lishe au wa muuza mchele anayaelewa haya kuliko mwanafunzi wa theolojia. Amekwisha kuona kopo lililobonyezwa chini ili lipime pungufu.

Fanya hivi:

1. Chora mistari kwenye vumbi iwe shamba. Weka mawe au punje za mahindi yawe mavuno.

2. Mtoto mmoja avune. Mwambie aache pembe zote nne.

3. Watoto wawili waingie kuokota. Hawaombi, hawapigi magoti. Waulize wanajisikiaje kuokota kilichoachwa kwa ajili yao, badala ya kupewa mkononi mbele ya watu.

4. Waeleze habari za Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu, aliyeokota masazo katika shamba la Boazi huko Bethlehemu (Ruthu 2). Sheria hii ndiyo iliyomlisha, na Mathayo 1:5 inamtaja Ruthu katika ukoo wa Yesu.

5. Uliza: nyumbani kwenu "pembe ya shamba" ni nini? Waache wafikiri. Inaweza kuwa maji ya bomba kwa jirani asiye na bomba, au kalamu ya pili kwenye begi.

Kisha sema wazi juu ya dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za Wakristo mjini, binti huyu ndiye anayeamka wa kwanza na kula wa mwisho, na mtoto wa nyumba anamwita kwa kufoka. Ujira wake ukichelewa miezi miwili, hakuna anayeikumbuka Walawi 19:13. Mtoto wa miaka tisa hawezi kulipa mshahara, lakini anaweza kumwita kwa jina, kusema tafadhali, kuosha sahani yake mwenyewe, na kumngoja mezani. Nikiulizwa upendo wa jirani uanzie wapi katika nyumba yenye dada wa kazi, nitajibu hapo, kabla ya yatima wa kwenye picha na kabla ya safari ya hospitali.

Tendo la wiki: mtu mmoja wa nyumbani au wa mtaani ambaye kazi yake inatufaa kila siku.

WIKI YA TATU: MSAMARIA

Hii ndiyo wiki nzito. Ukihitaji Jumapili mbili, chukua mbili.

Watoto wanaijua hadithi (Luka 10:25–37), na hapo ndipo penye shida. Wanaijua kama hadithi ya mtu mwema. Wasikilizaji wa kwanza waliisikia kama hadithi ya mtu mbaya aliyefanya jema, nao hawakuipenda. Kazi yako ni kuwarudishia watoto mshangao ule.

Waeleze njia kwanza. Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni karibu kilomita 27, na njia inateremka karibu mita 1,000, kutoka milimani mpaka bondeni chini ya usawa wa bahari. Kwa mtoto wa Tanga sema hivi: kama kutoka Lushoto kushuka Mombo, lakini kwa miguu, jangwani, bila nyumba njiani, na majambazi nyuma ya miamba.

Waeleze uadui. Wayahudi na Wasamaria walisoma Torati ya Musa, walimwabudu Mungu mmoja, lakini waligombana juu ya mahali pa kumwabudia: Yerusalemu au mlima Gerizimu. Chuki ilikuwa ya muda mrefu, na ya pande zote mbili. Wasamaria wapo hata leo, jamii ndogo ya watu mia kadhaa, wengine wakiishi kwenye mlima huohuo karibu na Nablus.

Sasa rudi sura moja nyuma. Katika Luka 9:51–56 Yesu na wanafunzi wake waliomba mahali pa kulala katika kijiji cha Wasamaria, wakanyimwa. Yakobo na Yohana walitaka moto ushuke uwateketeze, Yesu akawakemea. Sura inayofuata ndipo anaposimulia habari za Msamaria anayempeleka Myahudi kwenye nyumba ya wageni na kumlipia. Aliyenyimwa malazi na Wasamaria anamfanya Msamaria kuwa mtoa malazi. Wasomee watoto sehemu zote mbili kwa mfululizo na unyamaze kidogo. Wakubwa watashtuka wenyewe.

Baada ya hapo fanya igizo, kwa hatua hizi:

1. Chagua mwigizaji wa mtu aliyepigwa. Mchague mtoto mwenye nguvu na anayependwa na wenzake, au ulale chini wewe mwalimu. Kamwe usimpe nafasi hiyo mtoto anayetaniwa shuleni; wenzake wataiendeleza mpaka Ijumaa.

2. Kuhani na Mlawi wapite. Injili haisemi kwa nini hawakusimama, kwa hiyo nawe usiwabunie sababu moja. Waulize watoto: pengine waliogopa nini? Watasema majambazi, damu, kuchelewa. Mtoto msomaji anaweza kukuambia kuhani hakupaswa kugusa maiti (Walawi 21:1–4). Mpongeze, kisha mwonyeshe kwamba kuhani huyu alikuwa akiteremka kutoka Yerusalemu, hakuwa akienda hekaluni.

3. Msamaria aingie. Hapa simamisha igizo kwa kila tendo, watoto wahesabu kwa vidole: aliona, akahurumia, akasogea, akatia mafuta na divai, akafunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamwuguza, akalipa, akaahidi kurudi. Vidole kumi vinatosha. Wape vitambaa vya khanga wafunge kweli, na tone la mafuta kwenye mkono.

4. Fika kwenye pesa. Alitoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Waulize kibarua wa shamba au wa ujenzi hapo kwenu analipwa ngapi kwa siku, wazidishe mara mbili, uandike jibu kwa chaki. Hapo ndipo wanapoona kwamba huruma iligharimu.

5. Malizia kwa swali la Yesu, ambalo ni tofauti na la mwanasheria aliyemwuliza kabla ya hadithi hii. Mwanasheria alitaka kujua jirani yake ni nani, yaani mpaka wa upendo uko wapi. Yesu alimrudishia swali la nani aliyekuwa jirani kwa yule aliyeumia. Waambie watoto: usitafute nani anastahili, tazama nani ameumia karibu nawe.

6. Kila mtoto afumbe macho na kumfikiria mtu ambaye hapendi kukaa naye. Asimtaje. Wewe pia usitaje kabila, dhehebu wala dini kama mfano wa Msamaria wa leo. Darasani yumo mtoto wa kabila hilo, na atakwenda nyumbani akiwa amejua kwamba kanisani wenzake wanamhesabu adui.

Onyo: Usiwaache watoto waondoke wakiwaza kwamba Wayahudi ni watu wabaya. Yesu mwenyewe ni Myahudi, amri zote mbili zimetoka katika Torati, na aliyeokolewa kandokando ya njia anaeleweka kuwa Myahudi pia. Hadithi inampima kila msikilizaji, hasa anayejiona wa dini sana.

Juu ya hao wa dini sana, kuna utafiti ambao kila mwalimu anapaswa kuujua. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba yao ilihusu mfano wa Msamaria. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunja mlangoni, akikohoa na kuugua. Kati ya wale walioambiwa wana muda, 63 kwa mia walisimama kusaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa sana, walisimama 10 kwa mia. Kuwa na hadithi ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti kubwa. Haraka ndiyo iliyoleta.

Kwa hiyo fundisha kusimama. Zoezi ni rahisi: watoto watembee kwa mstari kuelekea mlango wa kanisa huku ukiwahimiza wawahi. Njiani mtoto mdogo aangushe vitabu vyake. Usiwaambie kitu. Wakifika, ongeeni juu ya waliosimama na waliopita, bila kumwaibisha mtu. Kisha jiulize na wewe: Jumapili asubuhi, ukiwa unakimbilia kipindi, umewapita akina nani getini?

Tendo la wiki: kusimama mara moja kwa ajili ya mtu, hata kama utachelewa mchezoni.

WIKI YA NNE: SADAKA NA NDUGU YAKO

Katika Mathayo 5:23–24 Yesu anamwambia mtu anayeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende wakapatane, ndipo arudi. Hapa kumpenda Mungu na kumpenda mtu vinakutana mahali pamoja, mbele ya madhabahu.

Wafundishe watoto kuomba radhi kwa hatua tatu: sema ulichokosa kwa jina lake, usiongeze "lakini", uliza unaweza kurekebisha nini. "Nisamehe kama nimekukosea" haihesabiki. "Nilichukua rula yako nikasema sijaiona, hii hapa" inahesabika.

Sema pia juu ya sadaka yenyewe. Sarafu anayopewa mtoto mlangoni na mama ni sadaka ya mama iliyobebwa na mtoto. Msaidie awe na cha kwake. Sharika nyingi zina mnada baada ya ibada, ambapo ndizi, kuku na mayai yaliyotolewa hunadiwa. Mtoto aliyetoa yai la kuku anayemlisha mwenyewe, akalibeba mkononi njia nzima asilivunje, ameshatoa kabla mnadi hajataja bei.

KISANDUKU: UPENDO SI KUNYAMAZA

Soma sehemu hii hata kama una haraka.

• Mtoto anayepigwa kikatili, anayeguswa vibaya au anayetishwa asiambiwe "msamehe" na kuachwa hapo. Kusamehe hakuondoi wajibu wa kumlinda.

• Waambie watoto wote, kwa sauti, kwamba hakuna siri ya mtu mzima juu ya mwili wao wanayopaswa kuitunza, hata kama mtu huyo ni mwalimu, mchungaji au mjomba.

• Mtoto akikuambia: msikilize bila kushtuka usoni, mwambie umemwamini, usimhoji mara kwa mara, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Andika maneno yake kama alivyosema.

• Usimpeleke kupatanishwa na aliyemdhuru. Usiyamalize kwenye kikao cha wazee.

• Toa taarifa. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kuifikishia mamlaka ya serikali ya mtaa habari za mtoto anayevunjiwa haki. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Simu ya kusaidia watoto ni 116, kwa Tanzania na kwa Kenya, bila malipo.

NYUMBANI: NYAKATI NNE

Kumbukumbu la Torati 6:7 inaagiza wazazi kuzungumza na watoto juu ya amri hizi katika nyakati nne: mkiwa mmekaa nyumbani, mkiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Jumapili haikutajwa. Mzazi, zipange hivi:

Mkikaa: mnapochambua mchele au maharage, simulia mtu mmoja aliyekutendea wema ulipokuwa mtoto.

Njiani: kwenye daladala mwachie mtoto nafasi ya kumpisha mzee kabla hujamwambia.

Kulala: maswali mawili tu. Leo nani amekupenda? Leo wewe umempenda nani? Sala ifuate majibu hayo, iwe fupi.

Kuamka: mtajie jina moja la kuombea anapoenda shule.

Na pale ulipomfokea mtoto bila haki, mwombe radhi, ukikaa chini usawa wa macho yake. Wazazi wengi wanaogopa kupoteza heshima. Ninavyoona, mtoto aliyewahi kuombwa radhi na baba yake hahitaji kueleweshwa wiki ya nne.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kumwambia mtoto, "Mungu hatakupenda." Ni sentensi ya haraka ya kumtuliza mkorofi, nayo inabomoa wiki ya kwanza nzima. Sema kitendo hakifai, na useme kwa nini.

Kumchapa au kumwaibisha kwa kusahau aya ya kukariri. Aya ya upendo ikifundishwa kwa fimbo, kitakachobaki kichwani ni fimbo.

Pipi kwa kila jibu. Zikikosekana, mikono nayo inashuka.

Kuwapeleka watoto kwenye kituo cha yatima kwa ajili ya kupiga picha. Mkienda, nendeni kucheza na kufanya kazi pamoja na wenyeji, simu zikae mfukoni.

Kuandaa ngonjera badala ya maisha. Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Siku ya Mikaeli na Watoto, karibu na tarehe 29 Septemba, watoto huongoza ibada, na maandalizi yake humeza miezi. Ngonjera ni nzuri. Lakini anza wiki hizi nne mapema kabla ya mazoezi, ili watakaposimama mbele wawe na la kusema walilolifanya.

MASWALI WATAKAYOKUULIZA

"Nitampendaje Mungu wakati simwoni?" Mrudishe kwenye vitu alivyotaja wiki ya kwanza. Mwambie ashukuru, aseme naye kama anavyosema na mzazi, aseme kweli hata pale asipoonekana na mtu. Watoto hukubali jibu hili kwa urahisi kuliko sisi.

"Mungu ananipenda, mbona baba amekufa?" Usimpe maelezo, na usiseme Mungu alimpenda baba zaidi akamchukua, mtoto ataanza kumwogopa Mungu kwa ajili ya mama yake. Mwambie hujui kwa nini. Mwambie Yesu naye alilia kwenye kaburi la Lazaro. Kisha andika jina lake kwenye daftari, umtembelee ndani ya wiki hiyo, uende na watoto wawili watatu wa darasa lake.

"Yule ananipiga kila siku, nimpende?" Kumpenda ni kutomlipiza na kumtakia mema. Kukaa karibu naye akupige si sehemu ya amri. Mwambie mwalimu wa shule leo, na nitakwenda nawe.

"Rafiki yangu ni Mwislamu. Naye ni jirani?" Ndiyo, na mtoto wa Tanga au Ujiji anajua hivyo kabla ya kuuliza, maana kila Idi pilau inavuka ukuta. Mkumbushe mama yake kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, na kwamba nyama wanayopelekewa majirani Waislamu iwe wanayoweza kuila bila shaka. Krismasi ikifika, anayetumwa kuipeleka sahani awe mtoto mwenyewe, aende kwa miguu yake, abishe hodi, asalimie wakubwa kwanza.